Mpinduo wa pili kutoka nusu gadi: dhana potofu na ukweli wake

Katika jiu-jitsu ya Brazil, mchezo wa kukabana mkekani, nusu gadi ni hali ambayo aliye chini ameunasa mguu mmoja tu wa aliye juu katikati ya miguu yake, huku mguu wa pili wa mpinzani ukiwa huru. Kutoka hapo, aliye chini hutafuta kumpindua mwenzake ili yeye aje juu. Mpinduo wa kwanza huzuiwa mara nyingi, kwa kuwa karibu kila aliyekwisha kufanya mazoezi kwa mwaka mmoja au miwili anaufahamu. Ujuzi hasa huonekana katika kile unachofanya sekunde moja baada ya kuzuiwa, na ni katika sekunde hiyo ndipo dhana potofu zinapowagharimu wanafunzi wengi.

Dhana: Nusu gadi ni kituo cha mwisho kabla ya kupitwa, yaani mpinzani kuivuka miguu yako, hivyo anayefika hapo ajilinde tu.

Zamani wengi waliamini hivyo. Aliyesaidia sana kubadili mawazo hayo ni Roberto Correa, maarufu kwa jina la Gordo, mwanafunzi wa Carlos Gracie Jr. mjini Rio de Janeiro. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliumia goti, akashindwa kufunga gadi kamili, yaani kumzingira mpinzani kiunoni kwa miguu yote miwili, kama alivyozoea, ikambidi apambane akiwa amelala ubavu na kuunasa mguu mmoja. Badala ya kungoja kupitwa, akaanza kuwapindua watu kutoka hapo. Mwaka 2015, Bernardo Faria alitwaa ubingwa wa dunia katika uzani wake na pia katika kundi la uzani wote, na silaha yake kuu ilikuwa nusu gadi ya ndani, yaani ile ambayo aliye chini hujipenyeza kabisa chini ya paja la mpinzani. Watu waliokuwa wakipambana naye walijua anakokwenda, na bado walipinduliwa.

Dhana: Mpinduo wa pili ni mbinu nyingine kabisa, ya akiba, inayotolewa ile ya kwanza ikishindwa.

Hii ndiyo dhana inayoharibu mengi, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Mpinzani aliye juu yako ana nguzo nne: mikono miwili na magoti mawili. Kumpindua ni kumnyima nguzo ya upande unaotaka aangukie, kisha kumsukuma huko. Tuseme mguu wake wa kulia ndio ulionaswa. Wewe umelala kwa ubavu wa kulia, mkono wako wa kushoto umepenya chini ya kwapa lake la kulia, na kichwa chako kimebana kifuani pake. Katika mpinduo wa asili, ule ambao wengi huuita Old School, unashika vidole vya mguu wake ulionaswa, unainuka hadi kwenye magoti, kisha unalifuata goti lake la mbali ili umwangushe upande wake wa kushoto.

Mpinzani hakubali kirahisi. Kuna mambo mawili ambayo huyafanya mara kwa mara, na kila moja linakufungulia njia yake. La kwanza, huukumbatia kwa nguvu kutoka juu mkono wako uliopenya kwapani, akakurudishia uzito wake wote ili akulaze tena. Hapo wengi hukaza misuli na kusukumana naye, ilhali yeye mwenyewe ameshakuonyesha njia. Uzito wake sasa unaelekea kwako, kwa hiyo unazamisha bega, unajiviringisha chini yake huku mguu wake bado umeshikwa, naye anapita juu yako na kuangukia upande wa pili, ule ule aliokuwa akikusukumia. La pili, huutandaza mguu wake wa mbali hadi goti lisifikike. Mguu uliokwenda mbali namna hiyo haurudi upesi, na upande wake wa karibu umebaki mwepesi; ukiendelea kukumbatia kiuno, unazunguka na kuufikia mgongo.

Eddie Bravo, mwalimu wa jiu-jitsu wa Los Angeles, ana katika mfumo wake wa nusu gadi mpinduo unaoitwa Plan B, yaani mpango wa pili, uliopangwa kuufuata Old School. Jina hilo limewafanya baadhi ya wanafunzi wadhani kwamba huo ni mpinduo wa hadhi ya chini. Kwa maoni yangu, unapaswa kuhesabiwa kama nusu ya pili ya tendo moja, kwa sababu ule wa kwanza ndio unaomlazimisha mpinzani ahamishe uzito, na bila uhamisho huo, mpinduo wa pili hauna pa kuanzia. Anayeujaribu wa pili peke yake, bila kutishia kwa dhati upande wa kwanza, huishia kumvuta mtu aliyetulia kama gunia la mahindi.

Dhana: Ukizuiwa, achia ulichoshika uanze upya.

Ukiachia, mpinzani anapata nafasi ya kukubana shingo na taya kwa mkono wake na kukulaza chali, na mabega yote mawili yakigusa mkeka hakuna mpinduo utakaotoka hapo. Badilisha mwelekeo tu, mshiko ubaki ule ule. Hata akifanikiwa kukushusha kabla hujainuka, nenda na uzito wake kuelekea chini, ujipenyeze chini ya paja, kisha umnyanyue mguu kwa mkono na bega kama mhudumu wa hoteli anavyobeba sinia.

Dhana: Jaribio lililozuiwa halina thamani, na mpinduo unaotua ndani ya nusu gadi ya mwenzako haujakamilika.

Chini ya kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, anayetoka chini katika gadi au nusu gadi na kuja juu hupata pointi 2 akiidhibiti hali hiyo kwa sekunde 3, hata kama aliyepinduliwa naye amewahi kuunasa mguu wa aliyempindua. Jaribio lililokaribia kufaulu laweza kukupa faida, ambayo huamua mshindi pointi zikilingana. Ukiishia mgongoni na kuingiza visigino vyote viwili kwenye mapaja yake kwa sekunde 3, hizo ni pointi 4.

Dhana: Anayejua mipinduo mingi ndiye hatari.

Sikubaliani na hilo hata kidogo. Miwili au mitatu inayoanzia kwenye mshiko mmoja inatosha kwa miaka mingi, ili mradi uweze kuhisi uzito unakwenda wapi bila kutazama. Zoezi linalojenga hisia hiyo ni jepesi. Inuka hadi kwenye magoti na kwapa lake mkononi, kisha mwombe mwenzako achague kimya kimya ama kukurudishia uzito ama kutandaza mguu, akibadilisha kila mara bila kukuambia. Fumba macho. Mizunguko ya kwanza utachelewa, na utalazwa chali mara kadhaa. Baadaye utaanza kuhisi bega lake likiegemea kabla hajamaliza kusukuma, na mwili wako utakuwa umeshaanza kuzama chini yake.