Plagi nne hazifi siku moja

Jumatatu Toyota IST limeingia gereji likivutwa kwa kamba. Mwenye gari, dada mmoja mstaarabu, akanifungulia buti kabla hajafungua boneti. Ndani kuna maboksi matupu ya plagi nne mpya, zile zinazopiga cheche ya kuwasha petroli, na koili nne mpya, zinazozipa plagi umeme. Zenyewe tayari zimeshafungwa kwenye injini, na zile za zamani zimefungiwa kwenye mfuko wa rambo. "Fundi, moto wa plagi hakuna kabisa, na kila kitu nimebadilisha." Hapana, dada yangu. Umebadilisha vile vilivyokuwa vizima.

Nimechoka na hili. Gari likizunguka bila kuwaka, mtu anasema "plagi zimekufa", na mafundi wenzangu wanaitikia kwa sababu plagi zinauzika. Plagi huchakaa, sikatai. Lakini kila moja huchakaa kivyake. Koili ikifa moja kwenye injini ya 1NZ, kama ya hili IST, ambayo kila plagi ina koili yake, gari linamisi (silinda moja haiwaki), linatetemeka kwenye foleni, taa ya injini inawaka, na bado unafika nyumbani. Zikikosa moto zote nne kwa mpigo, kinachotafutwa ni kile zinachotumia kwa pamoja: umeme unaozilisha, hasi, kranki sensa inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, kompyuta yenyewe, au ufunguo wa chipu usiotambuliwa.

Nadhani imani hii tumeirithi kwenye Carina na Corolla za distributa. Kule koili ni moja, inagawia plagi zote kupitia rota na kifuniko. Ikifa, kweli gari zima linazima. Ukilihamishia wazo hilo kwenye injini yenye koili nne, unamtia mteja hasara.

Na huko kupima moto kwenyewe! Fundi anachomoa plagi, anaiegesha juu ya hedi, kichwa cha injini, saa sita mchana, jua kali, halafu anasema haoni cheche. Utaionaje? Weka kivuli, na uzi wa plagi, pale inapofungwa kama skrubu, ushike chuma kisawasawa, siyo rangi wala oili. Chomoa kwanza soketi za nozeli, maana unapiga stata huku petroli inamwagwa ndani na wewe unachezea cheche juu yake. Usipige stata koili ikiwa inaning'inia hewani bila plagi: umeme wa volti elfu ishirini na zaidi ukikosa njia utajitafutia yake, na mara nyingi ni kupitia ndani ya koili yenyewe. Nimeona koili nzima zikiuawa na kipimo. Tena, cheche ya nje haithibitishi cheche ya ndani. Hewa iliyobanwa na pistoni inadai volti kubwa zaidi kuliko hewa ya hapa tulipo, kwa hiyo kacheche ka rangi ya chungwa unakokashangilia juu ya hedi kanaweza kuzimika ndani. Ninayoitaka ni ya bluu, nene, yenye mlio wa kukatika.

Moto ukikosekana kote, nenda kwenye soketi ya koili. Ina waya nne: wa volti 12, wa hasi, wa amri kutoka kompyuta, na wa jibu linalorudi kompyuta. Taa ya testa (balbu ya kupimia umeme) kwenye ule wa 12 iwake swichi ikiwa ON, halafu, na hapa ndipo wengi wanaporuka, iendelee kuwaka wakati mwenzako anapiga stata. Swichi ya ufunguo iliyochakaa inaweza kutoa umeme ON na kuukata START. Fyuzi nzima, koili nzima, gari haliwaki, na wewe unaapa umeme upo kwa sababu ulipima injini imesimama. Kwenye waya wa amri usiweke taa ya balbu. Ule ni umeme mdogo wa kompyuta. Tumia testa ya LED.

Waya wa jibu nao una fitina yake. Kompyuta ya Toyota isipopata jibu kwamba koili zimepiga, inakata mafuta. Hapo fundi anaona moto upo, nozeli zimenyamaza, anakuuzia pampu ya petroli.

Gari la yule dada nililipima kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari, lakini sikuishia kwenye kodi, zile namba za hitilafu, kwa sababu hakukuwa na kodi yoyote. Nilifungua data za injini, nikamwomba apige stata, nikatazama mzunguko: sifuri. Injini inazunguka, masikio yanasikia, kompyuta inasema imesimama. Basi haiwezi kujua ipige moto saa ngapi. Nikalala chini, nikaifikia kranki sensa karibu na puli. Soketi imelowa oili, na waya mmoja, ukiupinda, unalegea kama uzi: ganda zima, shaba imekatika ndani. Nikaunga, nikausogeza mbali na mkanda. Stata ya kwanza, limewaka. Koili zake za zamani nikazirudisha moja moja mbele yake. Zote nne zinafanya kazi.

Si kila mara inakuwa hivi. Kuna sensa inayokata ikipata joto na kurudi ikipoa. Ukiipima kwa mita gereji ikiwa imepoa, namba zote nzuri. Mwaka jana nilikuwa na Toyota Noah ya namna hiyo. Lilizima barabarani mara tatu, likifika kwangu linawaka. Mwishowe nililiacha linguruma hadi likazima lenyewe, nikaimwagia sensa maji ya baridi, likawaka. Nikabadilisha sensa na kusafisha soketi yake siku hiyo hiyo. Halijarudi. Ila kama ugonjwa ulikuwa kwenye sensa au kwenye ile kutu ya soketi niliyoikwangua, siwezi kukuapia, na mwenye gari nilimwambia hivyo hivyo wakati ananilipa.