Kwa Nini Naanza na Mahali Patulivu

Wateja wengi wanaofika kwangu na kiwewe huwa wameshasikia kwamba ipo tiba ya kuchezesha macho, na kabla hata hawajakaa vizuri kitini huniuliza swali lile lile: nikifuata vidole vyako, nitasahau? Nawajibu kwamba hawatasahau, kwa kuwa kumbukumbu haifutwi, na kwamba tunachotafuta ni kulikumbuka jambo bila mwili kushtuka kana kwamba linatokea upya. Jibu hilo huwaridhisha nusu tu. Linalowashangaza zaidi ni kuambiwa kwamba kikao cha kwanza, na pengine cha pili na cha tatu, havitaligusa tukio lenyewe, bali tutatafuta mahali patulivu pa kuwazia akilini, na kwamba hata huko vidole vyangu vitatumika kwa uchache mno. Uchache huo ndio ninaotaka kuueleza hapa, maana nawaona wanasihi wenzangu, hasa walio wapya katika kazi hii, wakiupita mbio.

Kazi hiyo ya vidole ni aina moja ya usisimuaji wa pande mbili, jina la jumla la jambo lolote linaloziamsha hisi za kushoto na za kulia kwa kupokezana: macho yanayofuata mkono unaokwenda huku na huku, magoti yanayogongwa kwa zamu, sauti inayosikika katika sikio hili kisha lile. Uliingia katika tiba ya kiwewe kupitia Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1987, akiwa anatembea bustanini, aliona kwamba mawazo yaliyokuwa yakimkera yalipungua ukali pale macho yake yalipokwenda haraka upande hadi upande. Mwaka 1989 alichapisha jaribio lake la kwanza, lililokuwa na watu 22, na kutokana na kazi hiyo ikakua tiba yenye hatua nane ijulikanayo kwa kifupi cha EMDR (kwa Kiingereza Eye Movement Desensitization and Reprocessing), ndiyo hiyo wateja waiitayo ya kuchezesha macho. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza katika mwongozo wake kwa watoto na kwa watu wazima wenye mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Katika hatua hizo nane, kazi ya kuisisimua kumbukumbu chungu yenyewe huanza katika hatua ya nne, na mwenye kuziruka tatu za mwanzo anafanya kitu kingine kabisa, ingawa anakiita kwa jina lile lile.

Kwa nini kuyumbisha macho kusaidie? Maelezo yanayopendwa sana ni kwamba nusu mbili za ubongo zinaunganishwa. Mimi niliwahi kuwaeleza wateja hivyo, kisha nikaacha, kwa sababu yapo majaribio ya maabara ambamo macho yaliyopanda na kushuka yaliififisha kumbukumbu sawasawa na yale yaliyokwenda kushoto na kulia. Maelezo ninayoyaona kuwa na uzito zaidi ni ya kumbukumbu ya muda mfupi tunayoitumia tunapofikiri, ambayo ni kama meza ndogo isiyobeba vitu vingi kwa wakati mmoja. Mtu akilishika tukio akilini huku macho yake yakiwa na kazi ya kufuata mkono, vitu hivyo viwili vinagombania meza ile ile, picha inakosa nafasi ya kukaa kwa ukamilifu wake, na inaporudishwa ghalani inarudi ikiwa imefifia kidogo na imepungua ukali. Mabishano hayajaisha. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2001 haukuona kwamba macho yanaongeza chochote juu ya sehemu nyingine za tiba, na ule wa mwaka 2013 ukaona kwamba yanaongeza.

Sasa msomaji makini atakuwa ameshaniwahi. Ikiwa kuyumbisha macho kunafifisha picha iliyoko akilini, kwa nini basi tukuweke juu ya picha nzuri, ile ya mahali patulivu, ambayo tunataka ing'ae na ikae? Swali hilo ni la haki kabisa. Watafiti wa Uholanzi walilijaribu, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kumbukumbu njema nazo, zikishikwa akilini huku macho yakiyumba, hupungua uangavu na utamu wake. Tangu nilipoyasoma matokeo hayo nimebadili mkono wangu. Sikuacha kutumia usisimuaji katika taswira tulivu, kwa kuwa nimeona mara nyingi jinsi kugongwa kwepesi na kwa polepole kunavyomtuliza mtu, lakini naugawa kama chumvi: mapigo manne hadi sita kwa mkupuo, ya polepole, kisha nasimama na kuuliza. Kwenye kumbukumbu chungu mkupuo mmoja huweza kufika mizunguko 24 au zaidi, na kwa kasi kubwa. Chombo ni kile kile, ila kimoja ni kipimo cha kuchimba na kingine ni cha kupapasa.

Nichukue mfano wa dada mmoja, ambaye nimembadilisha vya kutosha asitambulike. Nilimwomba atafute mahali, pa kweli au pa kubuni, ambapo akiwazia tu mabega yake yanashuka. Alitaja ukingo wa mto. Sikumwambia mto ule ukoje, maana kosa letu kubwa ni kuwapambia wateja mandhari: mnasihi anaanza kusimulia ndege na upepo mwanana, na kumbe mteja alikuwa kwenye jua kali akiwa na miguu majini. Nilimuuliza tu anaona nini, anasikia nini, anahisi nini kwenye ngozi. Alisema maji yanapita katikati ya vidole vya miguu na jiwe alilokalia lina joto. Hapo nikajua tumefika, kwa sababu lile joto la jiwe sikulitia mimi. Nikamuuliza utulivu huo anausikia wapi mwilini, akaweka kiganja chini ya kifua. Akajigonga magotini mwenyewe, kulia, kushoto, kulia, kushoto, polepole, kisha nikamwambia apumue na aniambie kuna nini sasa. Joto lilikuwa limeongezeka. Tukarudia mara moja tu. Kisha akachagua neno la kupaitia mahali hapo, akachagua «jiwe», na tukajaribu kama neno hilo peke yake linamrudisha pale. Mwishoni nilimwomba awaze kero ndogo ya juma lile, kitu kama foleni au mtu aliyemjibu vibaya, ausikie mwili ukikaza, kisha aliite jiwe. Kipimo hasa ni hicho cha mwisho, kwa kuwa mahali patulivu panapopatikana mtu akiwa ameshatulia hapatamfaa usiku atakapoamka akitetemeka.

Kipimo cha mapigo machache nilikijifunza kwa kuumia. Miaka ya mwanzo nilikuwa na mteja aliyejiwazia chini ya mti mkubwa, na mambo yalikwenda vizuri mno hata nikajisahau nikaendelea, mkupuo juu ya mkupuo, kwa kasi iliyokuwa ikipanda bila mimi kujua. Katika ule wa tatu uso wake ulibadilika. Nilipomuuliza akasema, «Kuna mtu anakuja kwenye njia.» Hatukuwa tumemwalika mtu huyo. Usisimuaji mrefu huifungua akili itafute viunganishi, na katika akili iliyojeruhiwa njia nyingi huishia kwenye jeraha, kwa hiyo mti ule ukawa umetupeleka kwenye njia, na njia ikamleta mtu. Kikao kizima kilichobaki tulikitumia kurudi chumbani, na mti ule hatukuutumia tena.

Kuhusu uchaguzi wa mahali, nina tahadhari chache nisizoziachia. Silitumii neno «salama» kwa pupa. Kwa mtu aliyeumizwa nyumbani mwake, na mtu ambaye aliwahi kuambiwa «hapa uko salama» na yule yule aliyemdhuru, neno hilo lina miiba, nami nasema «patulivu» au «panapokupumzisha». Naepuka mahali palipo na watu wa kweli, hata wapendwa, kwa kuwa watu hufa, hugombana, huhama, na taswira huondoka nao. Simlazimishi mtu kufumba macho, maana wapo ambao giza ndilo lililowatisha, na kutazama sakafu kunatosha. Wapo pia wasioona picha yoyote akilini, ambao kwa miaka mingi walidhani «kuwazia» ni namna ya kusema tu. Kwa hao natumia sauti, harufu, uzito wa mwili kitini, au mwendo wa mikono inayofanya kazi wanayoipenda. Na kwa anayeishi bado na anayemdhuru, zoezi la utulivu si kipaumbele hata kidogo, kwa kuwa hofu yake inasema kweli, na kazi yetu ya kwanza ni usalama wake wa kweli.

Taswira ya pili ninayoitumia ni ya chombo cha kuhifadhia. Mteja hubuni sanduku, kasha, chumba chenye mlango mzito, chochote kile mradi kina kifuniko na yeye ndiye mwenye ufunguo, na mwisho wa kikao huweka humo yale ambayo hatukuyamaliza. Nasisitiza kuwa tunaweka, hatutupi. Mzee mmoja alitaka kulitia lake baharini, nikamwomba alifungie kamba ili tuweze kulivuta siku tutakapolihitaji, akacheka sana, akasema, «Mwanangu, wewe hutaki kuniachia nipumzike.» Lakini kamba aliifunga. Kwenye chombo hiki situmii usisimuaji hata kidogo, kwa sababu sitaki akili itafute viunganishi vipya wakati ninapoiomba ifunge mlango.

Kumbatio la kipepeo nalo lina mahali pake. Lilibuniwa na Lucina Artigas na kuendelezwa pamoja na Ignacio Jarero walipokuwa wakiwahudumia manusura wa kimbunga Pauline, kilichopiga Acapulco huko Mexico mwezi Oktoba 1997, ambapo watoto walikuwa wengi na wahudumu wachache. Mtu hukunja mikono kifuani, ncha za vidole vya kati zikikaa chini ya mifupa ya mtulinga, dole gumba moja likimshika mwenzake, kisha viganja hupigapiga kwa zamu kama mbawa, taratibu, huku akipumua. Nalipenda kwa sababu mbili. Mwendo na kikomo viko mikononi mwa mteja mwenyewe, na mimi simgusi. Kwa aliyevunjiwa heshima ya mwili wake, kugongwa goti na mnasihi, hata kwa ridhaa iliyotamkwa, si jambo dogo, na ridhaa ya kiti cha ushauri mara nyingine hutolewa kwa adabu tu. Nisilolipenda ni lile la kuwaona watu wakivaa spika za masikioni na kusikiliza sauti za kupokezana kwa saa nzima wakiwa peke yao kitandani. Hata kumbatio hilo lilibuniwa watoto wakiwa na wahudumu kando yao.

Dalili za kusimama mtu huzijua kwa kutazama: macho yanakodoa mahali pamoja bila kuona, sauti inafifia kama inatoka chumba kingine, mteja anasema haisikii miguu yake. Hapo hakuna pigo la ziada wala taswira ya ziada. Naacha kila kitu, namwomba afumbue macho, akanyage sakafu kwa nguvu, ashike kitu cha baridi, anitajie kwa sauti vitu vitano anavyoviona humu chumbani. Mtu mwenye historia ndefu ya kuzubaa kwa namna hiyo, ya kujikuta mahali bila kujua alifikaje, huandaliwa kwa muda mrefu na mnasihi mwenye uzoefu, na mnasihi asiye na uzoefu humpeleka kwa aliye nao. Mwenye kifafa namtaka awe ameongea na daktari wake kwanza, na macho yakimuuma mtu tunahamia kwenye viganja.

Pamoja na hayo yote, nikiri upande wa pili. Wako wanasihi wanaomweka mteja mahali patulivu miezi sita, na ukichunguza unakuta anayeogopa si mteja. Kwa watu wengi waliopata tukio moja, wenye usingizi wa kuridhisha na mtu wa kuzungumza naye nyumbani, kikao kimoja au viwili vya maandalizi vinatosha, na kuwacheleweshea kazi yenyewe ni kuwaongezea siku za mateso. Ninachotaka kuona kabla ya kuendelea ni kitu kimoja: mteja aweze kupanda kidogo kwenye kipimo cha kero cha sifuri hadi 10, tuseme hadi nne, kisha ashuke kwa juhudi zake mwenyewe mbele yangu, bila mimi kumwelekeza.

Mzee wa sanduku la kamba alifanya hivyo katika kikao cha tatu. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa maneno ya kumrudisha, nikaona amekunja mikono kifuani bila kuambiwa. Akapiga mara nne, akatulia, akasikiliza, akaongeza mbili. Kisha akashusha mikono na kuniuliza kama leo tunaanza.