Ekadashi ni nini, na kwa nini mtu anakula viazi na bado amefunga?

Sisi wengi tukisikia neno kufunga tunawaza daku, futari na mchana mzima hakipiti kitu kooni. Sasa umkute jirani yako Mhindu anakula viazi na maziwa alafu anakwambia leo nimefunga, unaweza kuona kama anakudanganya, kumbe amefunga kweli, ni masharti tu ndo tofauti.

Ekadashi ni Kisanskriti, maana yake ya kumi na moja. Wahindu wanahesabu mwezi mwandamo kwa vipande viwili, mwezi unapokua mpaka uwe mpevu, na unapopungua mpaka upotee. Siku ya 11 ya kila kipande ndo ekadashi, kwa hiyo inakuja mara mbili kwa mwezi, 24 kwa mwaka, na ule mwaka unaoongezwa mwezi wa ziada zinafika 26. Ni siku ya Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Wagujarati, hata hawa wa Dar na Mombasa, wanaiita agiyaras.

Sharti kubwa ni kutokula nafaka na jamii ya kunde. Hamna wali, hamna chapati ya ngano, dengu, choroko, mbaazi, vyote vinakaa pembeni. Kinacholiwa ni matunda, maziwa, viazi, karanga, na chumvi inakuwa ya mawe sio ile ya kila siku. Kuna sabudana pia, vile vipunje vyeupe vinalowekwa mpaka vinalainika alafu vinakaangwa na viazi, karanga zilizopondwa, bizari nyembamba na pilipili mbichi, na kwa India vinatengenezwa na wanga wa muhogo, muhogo huu huu tunaoujua sisi.

Ila tumbo sio lengo lenyewe. Mfungo kwa Kisanskriti ni upavasa, na ukilivunja hilo neno unapata kukaa karibu, yaani karibu na Mungu, ndo maana siku hiyo watu wanasali, wanaimba, wengine wanakesha. Mi naona hapa ndo penye uzito wote, chakula kinapunguzwa ili moyo upate nafasi.

Alafu kuna ekadashi inayoitwa Nirjala, ya mwezi Mei au Juni, hii hata maji hugusi, na huko India kaskazini ndo joto linachoma kwelikweli. Inasimuliwa kwamba Bhima, yule mwenye nguvu kati ya ndugu watano wa Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu, alishindwa kabisa kuvumilia njaa, akaambiwa basi funga hii moja bila maji utapata thawabu za zote za mwaka.

Na kwenye jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, kwa ekadashi ya mwezi wa Kihindu wa Ashadha, kama Juni au Julai, watu kwa malaki wanatembea kwa miguu karibu wiki tatu mpaka mji wa Pandharpur kumuona Vitthal, yaani Vishnu kwa umbo linaloabudiwa huko, wazee kwa vijana, wanaimba njia nzima.

Kufungua ni kesho yake jua likishachomoza, na kuna muda wake haupitishwi, wengi wanaanza na nafaka ile ile waliyojinyima jana.