Kuhama komyuniti koleji kwenda chuo kikubwa Marekani maana yake nini hasa

Mtu akisema anasoma komyuniti koleji Marekani, ndugu wengi huku nyumbani wanadhani amekosa chuo, na hata kwa wenzetu walioko kule, Wakongo wa Kentucky na Texas, Wakenya wa Minnesota, unakuta mzazi anamficha mtoto wake kabisa asitajwe anasoma wapi. Inaniuma sana kwa sababu kuna watoto wameanzia hapo hapo wakamalizia Berkeley na UCLA, vyuo vikuu vikubwa vya jimbo la California, na wengine wangeweza kufika ila hakuna aliyewaeleza njia inavyokwenda mpaka muda umeshapita.

Sasa transfa ni nini. Digrii ya Marekani kwa kawaida ni miaka minne, na miaka miwili ya mwanzo inakuwa na masomo ya jumla pamoja na msingi wa fani yako. Komyuniti koleji kwa kawaida inafundisha hiyo miaka miwili, alafu unaomba chuo kikuu uingie moja kwa moja mwaka wa tatu na krediti zako, yaani pointi za kozi ulizofaulu, unaondoka nazo. Siyo kama diploma ya kwetu ambapo mtu akishaimaliza akienda chuo kikuu mara nyingi anaanza tena mwaka wa kwanza. Na digrii ukishaipata inaandikwa jina la chuo kikuu ulichomalizia, sawa na ya yule aliyeingia pale akitokea hai skuli.

Hizi koleji siyo kitu cha jana, ya kwanza ya umma ilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901. Ila jimbo lililoifanya transfa kuwa mfumo wenyewe hasa ni California, ambako mwaka 1960 walipitisha mpango mkuu wa elimu ya juu wakagawa kazi: vyuo vya utafiti vya UC (University of California, ambamo Berkeley na UCLA zimo) juu, vyuo vya CSU (California State University) katikati, komyuniti koleji zipokee kila mtu, na anayefanya vizuri apate nafasi ya kupanda. Leo koleji ziko 116, na mkazi wa jimbo analipa dola 46 kwa yuniti, ambayo ndiyo hiyo krediti, kwa hiyo yuniti 60 unazohitaji kuhama zinatoka kama dola 2,760 kwa miaka yote miwili, hapo bado vitabu, nauli na kodi ya nyumba. UC wenyewe wamejiwekea lengo la kuchukua mwanafunzi mmoja wa transfa kwa kila wawili wanaoingia mwaka wa kwanza. UCLA, ambayo inachukua kama 9 kwa kila 100 wanaoomba kutoka hai skuli, kwenye transfa inachukua karibu robo ya waombaji, na zaidi ya 9 kati ya 10 wanaochukuliwa wametoka komyuniti koleji za California. Hiyo ndo sababu koleji kama Santa Monica imejaa watu wanaolenga UCLA tu.

Lakini usichukue namba za California ukazipeleka kila mahali, hapa ndo watu wanaumia. Chuo kikubwa cha jimbo na chuo kikubwa binafsi ni vitu viwili tofauti kabisa. Princeton waliacha kuchukua transfa mwaka 1990, wakarudisha 2018, na mwaka huo walitoa nafasi 13. Harvard na Stanford nako ni wachache mno kati ya mamia au maelfu wanaoomba. Cornell ni afadhali kwa kuwa wanachukua wengi kuliko wenzao, Columbia wana General Studies kwa ajili ya waliokatisha masomo wakarudi wakiwa watu wazima, Yale wana programu ya Eli Whitney ya watu wa namna hiyo hiyo, na jimbo la Virginia wana makubaliano kwamba ukitoka koleji za jimbo lao na ukafikisha masharti unaingia University of Virginia. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni jimbo unaloishi lina makubaliano gani, swali la chuo kipi kina jina kubwa lije baadaye.

Moyo wa jambo lenyewe ni kozi. Siyo kila kozi ya koleji inahamishika, na hata inayohamishika inaweza kuhesabiwa kama krediti tupu bila kujaza sharti lolote la fani yako. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanafunzi wanaohama vyuo wanapoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, yaani mtu amesoma, amelipa, amefaulu, alafu karibu nusu inamwagika njiani. California wana tovuti inaitwa ASSIST, unachagua koleji yako, unachagua chuo unachotaka na fani, inakuletea orodha ya kozi hii inasimama badala ya ile. Anayetaka uchumi UCLA kwa mfano ataona anahitaji kalkulasi, uchumi wa ngazi zote mbili, ule wa soko na ule wa taifa, pamoja na uandishi wa Kiingereza. Sasa angalia, kalkulasi ya pili huwezi kuichukua kabla ya ya kwanza, na huenda ya kwanza ikadai hesabu nyingine kabla yake, na maombi ya UC yanatumwa Oktoba na Novemba ya mwaka wako wa pili, kwa hiyo aliyeanza semesta ya kwanza na kozi za kujaza ratiba tayari yuko nyuma na hajui. Ndo maana nasema transfa inaamuliwa siku unajisajili kozi za kwanza, kabla hata hujaandika insha moja ya maombi.

Kwa watu wetu kuna mtego wa Kiingereza. Kozi nyingi za ESL, yaani Kiingereza kwa wenye lugha nyingine ya nyumbani, hazihamishiki, au zinahesabiwa kidogo tu, na mtu anaweza kukaa humo miaka akidhani anasogea kumbe krediti za digrii bado ni sifuri. California walitunga sheria 2017, AB 705, inayozitaka koleji zisimrundike mwanafunzi kwenye kozi za maandalizi kama matokeo yake ya hai skuli yanaonyesha anaweza kuanza ngazi inayohamishika. Kama Kiingereza kweli ni kizito soma ESL bila aibu, ila muulize kaunsela, mshauri wa masomo wa koleji, kwa maneno haya haya: hii kozi inahesabiwa kwenye digrii yangu au haihesabiwi? Na jibu lake ulihakikishe mwenyewe kwenye ASSIST au kwa chuo unachokwenda, makaunsela wana wanafunzi wengi mno na siyo wote wanaijua fani yako.

GPA, yaani wastani wa alama zako ambao juu kabisa ni 4.0, nayo haina huruma, UC wanataka angalau 2.4 kwa mkazi, lakini waliochukuliwa vyuo vya juu wengi wako juu ya 3.5, na fani kama kompyuta au unesi ni ngumu kuliko wastani wa chuo unavyoonyesha. Kuna TAG pia, uhakika wa kuchukuliwa ukitimiza masharti, UC sita wanayo: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, UCLA na San Diego hawana. Unaijaza Septemba, kwenye chuo kimoja tu, na bado unaruhusiwa kuomba kwingine, kwa hiyo sioni sababu ya kuiacha.

Upande wa hela, mwenye green card, kibali cha ukazi wa kudumu, anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, ila mwenye viza ya mwanafunzi hawezi, na anatozwa ada ya mgeni ambayo ni mara kadhaa ya ile dola 46. Ipo skolashipu ya Jack Kent Cooke mahsusi kwa wanaotoka komyuniti koleji, mpaka dola 55,000 kwa mwaka, ushindani wake ni mkali kweli.

Ukweli mwingine ni kwamba wengi wanaoanza hawafiki, kama theluthi moja tu ndo wanahama, kwa sababu wanafanya kazi zamu za usiku, wana watoto, au wamekatishwa tamaa na krediti zilizokataliwa. Wanaofika kwenye vyuo vikali lakini wanamaliza vizuri tu, sawa na waliotoka hai skuli.

Na barua ya kukubaliwa ikishafika, huwa Aprili kwa UC, isome mpaka chini. Ina masharti. Kozi ulizosema utamaliza semesta ya mwisho lazima uzimalize kwa alama waliyoitaja, na ukiacha kozi bila kuwaarifu wanaweza kuifuta nafasi. Mwenye viza ya mwanafunzi ahakikishe koleji yake imehamisha rekodi ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na chuo kipya kimempa I-20 mpya, ile fomu ya chuo inayobeba viza yake.