Simbilisi katika utafiti wa tiba: maswali na majibu

Kwa nini watafiti humtumia simbilisi wakati panya wapo?

Kwa sababu kuna mambo ambayo mwili wake unafanana na wetu na wa panya haufanani. Kubwa ni vitamini C. Panya huitengeneza kwenye ini lake. Simbilisi hawezi, nasi hatuwezi: sote tumekosa kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali mwilini) cha hatua ya mwisho ya kuitengeneza. Asipopata majani mabichi, anaugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Hilo lilijulikanaje?

Mwaka 1907 nchini Norway, Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wakichunguza beriberi, ugonjwa uliowasumbua mabaharia. Wakawalisha simbilisi nafaka tupu. Beriberi haikutokea, kilichotokea ni kiseyeye, na vyakula vibichi kama kabichi vikakizuia. Kwa mara ya kwanza ugonjwa huo ukaweza kuchunguzwa maabara. Miaka ya 1930, Albert Szent-Györgyi na mwenzake walitumia simbilisi hao hao kuthibitisha kwamba kemikali aliyoitenga ndiyo vitamini C.

Amesaidia nini kwenye kifua kikuu?

Hapa ndipo tunapodaiwa zaidi. Simbilisi huambukizwa na vijidudu vichache mno vya kifua kikuu. Robert Koch alimtumia alipothibitisha chanzo cha ugonjwa huo mwaka 1882, na mwaka 1944 William Feldman na Corwin Hinshaw wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walimjaribia streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoushinda.

Lakini jaribio ambalo kila mtu angepaswa kulijua lilifanyika Baltimore, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Richard Riley na wenzake walivuta hewa kutoka wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu hadi kwenye vizimba vya simbilisi. Wanyama hao hawakugusana na mgonjwa yeyote; walivuta hewa tu, na wakaambukizwa. Kundi jingine lilipewa hewa ile ile baada ya kupigwa miale ya urujuanimno, inayoua vijidudu, na halikuambukizwa. Kwa hiyo ukiambiwa ufungue madirisha nyumba yenye mgonjwa anayekohoa, usilichukulie kama usafi wa kawaida tu. Kifua kikuu husafiri hewani.

Dawa ikimfaa simbilisi, itanifaa na mimi?

Si lazima, wala ikimdhuru haimaanishi itakudhuru. Penisilini humuua simbilisi, kwa kuwa inafyeka bakteria wema wa utumbo wake na kuwaachia nafasi wanaotoa sumu. Howard Florey na wenzake, kule Oxford mwaka 1940, waliijaribu kwa panya. Wangeanza na simbilisi, huenda dawa iliyookoa mamilioni ya watu ingetupwa. Ndiyo maana dawa hujaribiwa kwa zaidi ya aina moja ya mnyama kabla ya kufika kwa watu wanaojitolea.

Wanyama hawa huteseka?

Wapo wanaoteseka, na si haki kulificha. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walitoa kanuni tatu zinazofuatwa hadi leo: tumia njia isiyo ya mnyama ikiwezekana, wakilazimika kutumika, wawe wachache, na wapunguziwe maumivu. Matunda yake yanaonekana. Kwa miaka mingi simbilisi walipakwa kemikali ili kuona kama zinaleta mzio wa ngozi. Sasa vipo vipimo vya seli na protini vinavyokubalika kimataifa. Kwenye majaribio ya chanjo za kifua kikuu, simbilisi bado anatumika.