Filamu ya kihistoria ni "sahihi" kwa maana gani?

Filamu ikianza kwa maandishi "hiki ni kisa cha kweli", mtazamaji huwa tayari kuamini yote, hata maneno ambayo watu wawili waliambiana chumbani bila shahidi. Usahihi wa kihistoria ni kipimo cha jinsi filamu inavyolingana na kumbukumbu zilizopo: nani alikuwepo, alifanya nini, lini na kwa nini. Nasema kipimo kwa sababu hakuna filamu iliyo sahihi mia kwa mia. Mambo ya miaka mingi hubanwa yakaingia katika saa mbili, na mengi yaliyosemwa hayakuandikwa popote.

Makosa yanayoshikwa haraka ni ya mavazi. Braveheart ya 1995 inawavika Waskoti wa karne ya 13 sketi zilizokuja kuvaliwa karne kadhaa baadaye. Hilo hunichekesha tu. Lakini filamu hiyohiyo inaonyesha mapigano ya Stirling Bridge, ya mwaka 1297, yakipiganwa uwandani pasipo daraja lolote. Daraja ndilo lililowaponza Waingereza, maana walishambuliwa wakiwa nusu wamevuka. Ukiliondoa, umeondoa sababu ya ushindi, na kinachobaki ni ushujaa mtupu.

Kuna pia mbinu ya kuunganisha watu kadhaa wakawa mhusika mmoja. Hidden Figures ya 2016, inayosimulia habari za wanawake weusi waliopiga hesabu za safari za anga Marekani, ina bosi aitwaye Al Harrison. Mtu huyo hakuwahi kuishi. Alifinyangwa kutokana na wakubwa mbalimbali. Mbinu hiyo ni ya kawaida na mara nyingi haina ubaya. Tatizo ni kazi aliyopewa: ndiye anayevunja kibao cha choo cha wanawake weusi ili Katherine Johnson, mmoja wa wanawake hao, asilazimike kukimbia mbali. Katherine Johnson halisi alitumia tu choo cha wazungu kilichokuwa karibu, na alipolalamikiwa akapuuza. Ujasiri wake umehamishiwa kwa bosi wa kubuni, tena mzungu. Hapa hakuna tarehe wala vazi lililokosewa, ila kwangu hili ni kosa zito kuliko la sketi.

Wakati mwingine kinachohamishwa ni lawama. Titanic ya 1997 inamwonyesha William Murdoch, ofisa halisi wa meli hiyo, akiwapiga risasi abiria kisha akijiua. Hakuna ushahidi thabiti kwamba alifanya hivyo. Mwaka 1998 mwakilishi wa studio alifika Dalbeattie, mji wa Uskoti alikozaliwa Murdoch, akaomba radhi na kutoa pauni 5,000 kwa shule ya huko. Filamu yenyewe haikubadilishwa.

Sheria nayo iliingia humu zamani. Mwaka 1932 studio ya MGM ilitoa filamu kuhusu Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa na ushawishi mkubwa kwa familia ya kifalme ya Urusi, ikionyesha binti wa kifalme aliyeharibiwa naye. Jina lilibadilishwa, lakini Irina Yusupov, wa ukoo huo wa kifalme, ambaye mumewe alikuwa miongoni mwa waliomuua Rasputin, alidai kwamba watu wangemtambua kuwa ndiye yeye. Alishtaki London na mwaka 1934 akashinda, akalipwa pauni 25,000. Kilichoiponza studio ni majigambo yake yenyewe: filamu ilifunguliwa kwa maandishi kwamba baadhi ya wahusika bado wako hai.

Baada ya kesi hiyo studio zilizoea kuandika kwamba wahusika wote ni wa kubuni, na kama wanafanana na mtu yeyote ni sadfa tu. Maandishi hayo yangalipo hadi leo, kwa herufi ndogo mwishoni, wakati mwingine katika filamu ambayo dakika ya kwanza ilikuwa imetuapia kwamba ni kisa cha kweli.