Bitireti ni nini, na kwa nini mpira uliorekodi kwenye kompyuta umetoka kama uji

Umerekodi mechi kutoka kwenye king'amuzi, laivu picha ilikuwa safi kabisa, sasa unafungua faili unakuta nyasi zimekuwa uji, mpira ukipigwa unaacha miraba miraba nyuma yake na namba za jezi hazisomeki. Wengi hapo wanakimbilia rezolusheni, "mbona nimeweka 1080?" Ndio umeweka, ila 1080 ni ukubwa wa picha tu, kinachoamua humo ndani kutaonekana nini ni bitireti.

Bitireti ni kiasi cha data ambacho programu inaruhusiwa kutumia kuandika sekunde moja ya video. Basi. Inapimwa kwa kilobiti, usichanganye na kilobaiti maana baiti moja ni biti 8. Piga hesabu uone: picha ya 1920 kwa 1080, fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, isipobanwa inakula kama megabaiti 155 kila sekunde. Ukiweka bitireti 2500 maana yake zote hizo ziingie kwenye megabaiti 0.3 hivi, yaani unabana karibu mara 500, lazima kuna vitu vitatupwa, na vinavyoanza kutupwa ni vile vidogo vidogo, nyasi, sura za mashabiki, maandishi ya chini.

Sasa inabanaje? Haiandiki kila fremu upya, mara nyingi inaandika kilichobadilika tu, ndio maana taarifa ya habari kwa 2500 hiyohiyo inatoka poa, mtangazaji kakaa zake, kinachocheza ni mdomo. Kwenye mpira kamera ikigeuka kumfuata winga uwanja mzima umehama, data haitoshi, miraba inaanza. Halafu picha ya king'amuzi ilishabanwa huko huko kituoni kabla haijakufikia, kwa hiyo wewe unatoa fotokopi ya fotokopi.

Kwa mpira wa 1080 mimi naanzia 8000, kwa 720 naweka 5000. Ila kama unarekodi tu na hurushi laivu mtandaoni, kwenye OBS (programu ya kurekodi) achana na bitireti ya kudumu, chagua CRF au CQP, yaani setingi za kushikilia ubora badala ya bitireti, uweke 20 hivi, hapo programu yenyewe inaongeza data mambo yakichachamaa na kupunguza yakitulia (namba ikishuka ndio ubora unapanda, najua inachanganya). Na hakikisha rezolusheni ya kutoka haijabaki 720 wakati ya kuingia ni 1080, hiyo imewaliza wengi.

Kuna makosa bitireti inasingiziwa bure. Mistari kama meno ya kitana mtu akikimbia ni fremu zilizogawanywa nusu nusu, washa diintalesi, yaani setingi ya kuziunganisha hizo nusu. Picha kurukaruka wakati kila kitu kinaonekana vizuri, angalia fremu, TV zetu huku ni 25 au 50 kwa sekunde na wewe umeweka 30, haziendani. Kugandaganda ni kompyuta imezidiwa, hamishia kazi kwenye kadi ya picha. Giza tupu huku sauti ipo mara nyingi ni ulinzi wa mwenye matangazo, hapo hakuna setingi ya ubora itakayokusaidia. Na kama unatumia kile kikapcha (kifaa cha kuingiza picha ya king'amuzi kwenye kompyuta) cha bei chee cha waya wa njano, mwisho wake ni 720 kwa 576, hata uweke bitireti 20000 unajaza diski tu.

Kuhusu diski, dakika 90 kwa 8000 ni kama gigabaiti 5.4, na flashi yenye fomati ya FAT32 haipokei faili moja linalozidi 4, ifomati kwanza iwe exFAT. Na kwenye aina ya faili rekodi kwa MKV, sio MP4 ya kawaida, maana umeme ukikatika dakika ya 80 MKV inabaki na dakika zako 80, MP4 inaweza isifunguke kabisa.